Niweke namba gani mahali pa x?

Kila muhula swali ni lilelile, liwe la mwanafunzi wa kidato cha kwanza au la mzazi anayemsaidia mtoto kazi ya nyumbani. Kitabu kinasema "chagua thamani yoyote ya x, kisha tafuta y", halafu mistari miwili baadaye grafu imeshachorwa. Yoyote ipi? Mbona kitabu kimechagua 0 na 3, kikaziacha 1 na 2? Na kama mwenzangu amechagua nyingine, majedwali yetu hayafanani, nani amekosa? Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyekosa: mkikokotoa sawasawa, nukta zenu zote zitaangukia mstari uleule. Ila jibu hilo, japo ni la kweli, halimfai sana mtu aliyeshika penseli. Kuna thamani inayokupa namba kamili, na kuna inayokupa sehemu ambayo huwezi kuipima kwenye karatasi ya grafu. Kuna nukta zinazofichua kosa lako, na kuna zinazolifunika hadi karatasi irudi imesahihishwa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hesabu yenyewe ni nyepesi, na akili yako uitumie kuchagua thamani zitakazokukinga na makosa.

Unachotafuta ni nini hasa

Mlinganyo wa mstari ni sharti. Mlinganyo y = 2x − 3 unadai kwamba namba ya pili iwe mara mbili ya namba ya kwanza, ukipunguza 3. Jozi inayotimiza dai hilo imo kwenye mstari. Isiyotimiza haimo, hata kama kwenye mchoro wako inaonekana imeugusa. Chukua (5, 7): mara mbili ya 5 ni 10, toa 3, unapata 7. Imo. Chukua (−2, −6): mara mbili ya −2 ni −4, toa 3, unapata −7, wala si −6. Haimo. Kwenye karatasi yenye miraba midogo na penseli butu, nukta hiyo ingeweza kabisa kupita machoni kama halali, na ndiyo sababu jicho halipewi kazi ya kuamua. Mfaransa René Descartes alichapisha wazo hili la kuunganisha milinganyo na mistari mwaka 1637, na mwenzake Pierre de Fermat alikuwa amelifikia kwa njia yake mwenyewe. Tangu hapo swali la kama nukta imo au haimo hujibiwa kwa hesabu, na rula hufuata baadaye.

Ukilielewa sharti hivyo, utaona kwa nini umeambiwa "thamani yoyote". Una uhuru juu ya namba moja tu kati ya mbili. Ukishaichagua, sharti linakulazimisha nyingine. Tena uhuru huo si wa x peke yake. Unaweza kuanza na y: ukitaka kujua mstari unafika wapi y inapokuwa 9, andika 9 = 2x − 3, ongeza 3 pande zote, gawanya kwa 2, x ni 6. Maswali ya mtihani yanayosema "nukta (k, 9) iko kwenye mstari, tafuta k" huwatisha wengi bure. Kazi ni hiyohiyo, herufi tu imebadilika.

Hatua zenyewe

1. Andika mlinganyo kama ulivyopewa, bila kuupanga upya. Utaurudia mwishoni.
2. Chora jedwali la safu mbili za mlalo: x juu, y chini.
3. Chagua thamani tatu za x: moja hasi, moja sifuri kama haileti usumbufu, na moja chanya iliyo mbali na sifuri.
4. Weka kila thamani mahali pa x ukiwa umeifungia kwenye mabano, hata kama ni namba chanya.
5. Kokotoa. Kuzidisha kwanza, kisha kujumlisha na kutoa.
6. Andika jozi, x ikitangulia daima.
7. Rudisha kila jozi kwenye mlinganyo wa hatua ya 1. Pande mbili zikilingana, ndipo uweke nukta kwenye grafu.

Kwa y = 2x − 3, ukichagua −2, 0 na 4 unapata 2(−2) − 3 = −7, kisha 2(0) − 3 = −3, kisha 2(4) − 3 = 5. Jozi zako ni (−2, −7), (0, −3) na (4, 5). Hapa hatua ya 7 itaonekana kama kurudia kazi, na kwa mlinganyo ambao y tayari imesimama peke yake, ni kweli unarudia. Usiiache hata hivyo. Tutaona mbele kidogo mahali inapookoa alama.

Uhuru wa kuchagua utumie vizuri

Tuanze na mlinganyo wenye sehemu, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mlinganyo ni y = ⅔x + 1. Aliyezoea kuandika 0, 1, 2 kwenye kila jedwali ataweka x = 1 na kupata 1.666..., kisha ataweka nukta kwa kukisia. Asili ya sehemu hiyo ni 3. Basi chagua vigawe vya 3: x = −3 inatoa −1, x = 0 inatoa 1, x = 3 inatoa 3, x = 6 inatoa 5. Nukta zote zinakaa kwenye makutano ya miraba na hakuna cha kukisia. Mstari ni uleule ambao yule wa 1.666 alikuwa anautafuta, ila wako utapita mahali pake.

Mlinganyo ukiwa na x na y upande mmoja, kama 3x + 4y = 12, njia nyepesi ni kuweka sifuri mara mbili. Weka x = 0: 4y = 12, y ni 3. Weka y = 0: 3x = 12, x ni 4. Una (0, 3) na (4, 0), yaani mahali mstari unapokata mihimili miwili. Sasa tafuta ya tatu. Ukiweka x = 1 utapata 2.25; ukiweka x = 8 utapata 24 + 4y = 12, hivyo y ni −3. Linganisha (0, 3), (4, 0) na (8, −3): kila x inapopanda kwa 4, y inashuka kwa 3. Hizo 4 na 3 ni namba zilizo mbele ya y na mbele ya x, zimebadilishana kazi. Hii si bahati ya mfano huu. Ukiongeza 4 kwenye x, upande wa kushoto unakua kwa 3 × 4, yaani 12. Ukipunguza 3 kwenye y, unapungua kwa 4 × 3, ambayo nayo ni 12, na mlinganyo unabaki sawa. Basi ukishapata nukta moja yenye namba kamili, nyingine unazipata kwa kuruka: ongeza kwenye x namba iliyo mbele ya y, punguza kwenye y namba iliyo mbele ya x, ukizibeba na alama zake.

"Na kama sifuri inanipa desimali?" Inatokea sana. Kwenye 2x + 5y = 11, x = 0 inatoa 2.2 na y = 0 inatoa 5.5. Jaribu namba zinazofuata: x = 1 inatoa 1.8, x = 2 inatoa 1.4, x = 3 inatoa 1. Umeipata (3, 1). Ruka: (8, −1) upande mmoja, (−2, 3) upande mwingine. Hukuhitaji kuogopa kwamba utajaribu bila mwisho, kwa kuwa 2 na 5 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, na katika hali hiyo namba kamili tano zinazofuatana lazima ziwe na moja inayokubali. Namba iliyo mbele ya y ingekuwa 7, ungejaribu saba kwa wingi kabisa.

Iko milinganyo isiyokubali kamwe, na ni vizuri kuitambua mapema ili usipoteze dakika kumi. Tazama 2x + 4y = 7. Ukiweka namba kamili zozote, 2x ni shufwa, 4y ni shufwa, jumla yake ni shufwa. Upande wa kulia kuna 7, ambayo ni witiri. Haziwezi kulingana. Hapo usitafute tena namba kamili. Chagua nusu: x = 1.5 inatoa 3 + 4y = 7, y ni 1; x = −0.5 inatoa y = 2; x = 5.5 inatoa y = −1. Nusu inapimika kwenye karatasi ya grafu bila shida ukitumia skeli ya sentimeta 2 kwa kila kizio.

Nukta mbili zinatosha, lakini hazijitetei

Hoja ambayo wanafunzi wepesi huileta ni kwamba mstari ulionyooka hubainishwa na nukta mbili, kwa hiyo ya tatu ni kupoteza muda. Katika jometri wana haki. Kwenye karatasi hawana, kwa sababu nukta mbili zozote, hata zilizokosewa, huunganishwa kwa rula na kuzaa mstari safi wa kuvutia. Hakuna kitakachokupigia kelele. Ukiwa na nukta tatu na moja ikakosewa, kwa kawaida rula itagoma kuzipitia zote, nawe utajua kuna kitu. Nukta ya tatu ni shahidi.

Umbali kati ya nukta nao una uzito wake. Tuseme umeweka nukta mbili zilizoachana sentimeta 1, na ya pili umeikosea kwa milimita 1 tu, kosa ambalo mkono wowote unaweza kulifanya. Ukiurefusha mstari hadi sentimeta 10 kutoka nukta ya kwanza, kosa limekua hadi milimita 10. Nukta hizo zingeachana sentimeta 8, kosa lilelile la milimita 1 lingefika milimita 1.25 mahali palepale. Ndiyo maana hatua ya 3 inakutaka uchague thamani iliyo mbali. Kwenye maswali ya kutafuta mahali mistari miwili inapokatana, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utasoma 2 au 2.5.

Sasa lipo pingamizi zito zaidi, na linastahili kujibiwa kwa kirefu. Je, nukta tatu zikilala kwenye mstari mmoja, nimethibitisha kwamba niko sahihi? Hapana. Umethibitisha tu kwamba makosa yako, kama yapo, yana mpangilio. Chukua 3x − 2y = 6. Mtu anahamisha 3x, anapata −2y = 6 − 3x, kisha anagawanya kwa 2 na kusahau alama ya kutoa. Anaandika y = 3 − 1.5x. Anajaza jedwali: x = 0 inatoa 3, x = 2 inatoa 0, x = 4 inatoa −3. Nukta tatu zimenyooka kabisa, rula inapita bila kusita, na mstari wote ni wa uongo. Hapa ndipo hatua ya 7 inapolipa. Rudisha (0, 3) kwenye mlinganyo uliopewa, si ule ulioupanga mwenyewe: 3(0) − 2(3) ni −6, wala si 6. Kosa limeshikwa.

Ila angalia ungechagua nukta gani ya kurudisha. Ungerudisha (2, 0) peke yake ungepata 3(2) − 2(0) = 6, ukaridhika, ukachora. Mstari wa kweli na mstari wa uongo inakatana hapohapo kwenye (2, 0), hivyo nukta hiyo inazikubali pande zote mbili. Mistari miwili tofauti haiwezi kukatana mara mbili. Kwa hiyo rudisha nukta mbili, na zote zikipita, mstari wako ndio. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye thamani kubwa kuliko zote na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Kuna kipimo kingine cha haraka ukiwa umechagua thamani za x zinazoachana sawa. Kwa y = 2x − 3, x ikienda −1, 0, 1, 2, 3, y inakwenda −5, −3, −1, 1, 3, ikipanda kwa 2 kila mara. Safu ya y ikiruka kwa hatua zisizo sawa, kuna ulipokosea, na kwa kawaida ni kwenye namba hasi.

Makosa yanayojirudia

- Kuacha mabano. Kwenye y = 4 − 3x, weka x = −2. Sahihi ni 4 − 3(−2) = 4 + 6 = 10. Asiyeweka mabano huandika 4 − 3 − 2 na kupata −1, au huandika 4 − 6 na kupata −2. Hata x yenye alama ya kutoa mbele yake ina mtego huu: kwenye y = −x + 5, x = −3 inatoa 8.
- Kutoa kabla ya kuzidisha. 4 − 3(2) ni −2. Anayetoa kwanza anapata 1 × 2.
- Kugeuza mpangilio wa jozi. (2, 1) imo kwenye y = 2x − 3, (1, 2) haimo. Usijipime kwa nukta kama (3, 3). Ukiigeuza inabaki ilivyo, kwa hiyo haitakuonyesha kitu.
- Kutegemea mihimili kwenye mstari unaopita (0, 0). Kwa y = 3x, kuweka x = 0 na kuweka y = 0 vinakupa nukta ileile moja. Ongeza nyingine, mfano (2, 6).
- Kuunganisha nukta na kuishia hapo. Nukta ulizopata ni chache kati ya zisizohesabika. Mstari upitilize pande zote mbili.

x = 4, na y = −2

Milinganyo hii miwili huzua maswali mengi kwa sababu herufi moja haipo. Kwenye y = −2, sharti halisemi lolote kuhusu x: chagua −5, 0, 6, yoyote, y inabaki −2, na mstari umelala. Kwenye x = 4 mambo yamegeuka. Anayeweka x = 0 kwa mazoea anapata 0 = 4 na kudhani mlinganyo umeharibika. Hapa huna uhuru juu ya x. Uhuru wako wote uko kwenye y. Andika (4, −1), (4, 0), (4, 5), na mstari umesimama wima.

Kwa nini nisitumie mteremko tu?

Tumia. Kwa y = 2x − 3 unaweza kuanza (0, −3), kwenda kulia 1, kupanda 2, na kuendelea hivyo, na utamaliza mapema kuliko mwenye jedwali. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba kila nukta inaiegemea iliyotangulia: ukihesabu vibaya miraba mara moja, zote zinazofuata zinahama nayo. Nukta iliyopatikana kwa kuweka thamani inajitegemea. Wanaonishawishi zaidi ni wale wanaochora kwa mteremko kisha wanachagua nukta moja ya mwisho kabisa wa mstari na kuirudisha kwenye mlinganyo.

Nje ya daftari

Ndugu aliye Marekani akikuambia leo nyumbani kwao ni nyuzi 95, mlinganyo unaohitaji ni F = 1.8C + 32. Ukitaka kuuchora, chagua C kwa vigawe vya 5, kwa sababu 1.8 × 5 ni 9 na desimali zinatoweka: 0 inatoa 32, 20 inatoa 68, 100 inatoa 212. Ukitaka kujibu swali la ndugu yako, anza upande wa pili: 95 = 1.8C + 32, hivyo 1.8C ni 63 na C ni 35, joto la mchana mkali. Nukta ya shahidi chagua −40, ambapo vipimo vyote viwili vinasoma −40. Ila usiurefushe mstari kushoto bila kikomo: chini ya −273.15 za Selsiasi hakuna joto la kupima, ingawa mlinganyo utaendelea kukupa namba.

Tahadhari hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi mlinganyo unapotumika kwenye mambo halisi, na saa zetu ni mfano mzuri. Ukichukua x kuwa saa ya kimataifa ya mtindo wa 24 na y kuwa saa ya Kiswahili, mchana unafuata y = x − 6: 7 inatoa saa 1, 15 inatoa saa 9. Weka x = 4 na unapata −2, saa ambayo hakuna anayeitaja. Weka 19 na unapata 13. Hesabu haijakosea, umeuchukua mstari nje ya eneo lake. Kuanzia usiku wa manane hadi kabla ya 7 tumia y = x + 6, na kuanzia 19 hadi 24 tumia y = x − 18. Siku nzima ni vipande vitatu vya mistari sambamba, na kabla ya kuweka thamani yoyote unaamua kwanza uko kwenye kipande kipi: 4 inakupa saa 10 alfajiri, 19 inakupa saa 1 usiku.